Kipimo cha Asubuhi cha Mgonjwa wa Kitanda cha Tisa

KITUO CHA POLISI, OFISI YA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: kifo cha mgonjwa wa kitanda namba 9, wodi ya kiharusi

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho cha kazi, nakala imebandikwa nyuma ya karatasi hii. Kazini anaitwa Mizani.
Umri: miaka 41
Kazi: mtaalamu wa lishe, hospitali ya rufaa
Makazi: nyumba za watumishi nyuma ya hospitali, mlango wa 14
Yameandikwa: Ijumaa tarehe 27 Machi, kuanzia saa tano na dakika kumi asubuhi

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Hakuna aliyeniita. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, nami nimeelewa.

Kazi yangu ni kupanga chakula cha wagonjwa wasioweza kula wenyewe. Watu wakisikia lishe wanadhani napika. Sipiki, napima. Napima uzito, urefu na unene wa mkono, napiga hesabu ya nguvu ambazo mwili unatumia kwa siku, ambazo tunazihesabu kwa kalori, kisha naandika mgonjwa apewe chakula cha maji kiasi gani kupitia mpira unaoingia puani hadi tumboni. Ndiyo maana wauguzi wananiita Mizani. Hata daktari bingwa siku hizi ananiita hivyo mbele ya wagonjwa.

Mnamo Jumatatu tarehe 2 Machi alilazwa mwanamume wa miaka 58, dereva wa winchi kwenye majengo ya ghorofa. Kiharusi kilimpata akishuka ngazi ya mashine yake, zimebaki hatua mbili afike chini. Wenzake waliomleta walikuwa bado wamevaa kofia za kazi, na kwa kuwa wao walimwita Winchi, sisi nasi tukamwita hivyo. Alikuwa pande la mtu. Wahudumu wanne walimhamishia kitandani, na mmoja wao akalalamikia mgongo wiki nzima.

Upande wake wa kulia ulikuwa umelala kabisa. Maneno yalimpotea yote isipokuwa moja, “sawasawa.” Ukimuuliza anaumwa wapi, sawasawa. Ukimuuliza leo siku gani, sawasawa. Sista wa wodi alimtania siku moja kwamba yeye ndiye mgonjwa pekee asiyelalamika. Winchi alicheka kwa upande mmoja wa uso. Halafu machozi yakamtoka pande zote mbili.

Tarehe 5 alipimwa kumeza. Kijiko kimoja cha maji kilimfanya akohoe, na sauti yake ikabaki na majimaji. Maana yake ni kwamba kitu kikiingia mdomoni kinaweza kwenda kwenye mapafu badala ya tumboni. Daktari akaagiza alishwe kwa mpira tu. Sista akabandika kibao juu ya kitanda: ASILISHWE KWA MDOMO. Nilikuwepo. Mke wake alikuwepo pia, na alielezwa kwa maneno ninayoyatumia hapa.

Siku hiyo nilikokotoa mahitaji yake kwa kanuni tunayotumia kwa kila mtu, ya uzito, urefu na umri. Nikaagiza aanze na kalori 1,500 kwa siku, tupandishe kadiri tumbo lake litakavyopokea. Kwa karatasi ilikuwa sahihi. Ila chakula cha mpira husimamishwa kila mara. Mgonjwa akienda kupigwa picha, kinasimama. Akioshwa, kinasimama. Akifanyishwa mazoezi, kinasimama, na mtu wa kukiwasha tena anaitwa kitanda kingine. Kwa siku nyingi Winchi alipata kama kalori 1,150. Niliandika hivyo kwenye faili mara tatu, tarehe 9, 12 na 16. Faili lipo.

Mke wake ni fundi wa nguo za kike, umri wa miaka hamsini na kitu. Alikuja kila siku saa ya mchana na saa ya jioni bila kukosa. Jumapili ya tarehe 8 nilimkuta amemzungushia mumewe utepe wa kupimia nguo kwenye mkono wa juu. Aliona aibu akataka kuuficha.

“Samahani, baba,” akasema. “Mwili wa mtu ukipungua mimi naujua kwa utepe tu.”

Nilimwambia asione aibu, mimi nami napima hapohapo. Alipata sentimita thelathini na nne. Mizani ya kitanda ilikuwa mbovu tangu Januari, kwa hiyo sitaficha, vipimo vya yule mama ndivyo vilivyokuwa vya uhakika kuliko vyetu. Tarehe 15 alipata thelathini na mbili na nusu. Aliniita kando.

“Huyu mtu anakauka. Nguo zake nimezipunguza mara moja, nitazipunguza mara ngapi?”

Nilimwambia nitafanya kipimo kikubwa. Hospitali ina mashine moja ya kupima nguvu anazotumia mgonjwa kwa pumzi yake. Unamfunika kichwa kwa kifuniko cha plastiki angavu, kama kuba dogo. Mashine inapima hewa anayoivuta na anayoitoa, na kutokana na hiyo unajua mwili wake unachoma kiasi gani akiwa amelala tu. Hapo hukisii kwa kanuni. Mashine ilikaa miezi minne bila kazi kwa kukosa mtungi wa gesi ya kuirekebishia. Mtungi ulifika tarehe 17.

Alhamisi tarehe 19 nilifika wodini saa kumi na mbili na robo asubuhi. Chakula kilikuwa kimesimamishwa tangu usiku ili kipimo kiwe safi. Nilimpima joto kwa kipimajoto changu: 37.8. Nikaandika kwenye fomu yangu. Fomu inaelekeza kwamba joto likifika 38 tuahirishe. Halikufika. Sista aliyekuwa anagawa dawa aliniuliza, “Mizani, umeshampima joto huyo?” Nikamwambia ndiyo. Akapita. Kwa hiyo chati ya wodi ya asubuhi hiyo ina nafasi tupu kwenye kitanda cha tisa. Naomba hilo liandikwe vizuri, ndilo lililonileta hapa.

Nilipotaka kumfunika, Winchi alishtuka akalisukuma kuba kwa mkono wake mzima. Nilijaribu mara mbili. Siku hiyo mke wake alikuwa amekuja mapema kwa ajili ya kipimo, yuko nje ya mlango, nikamwomba sista amruhusu aingie. Aliketi, akamshika mkono, akamwambia, “Baba watoto, hiki ni kioo tu cha winchi yako. Tulia uangalie mbele.” Alitulia nusu saa nzima. Mimi na sista tulitazamana. Hatukuwa tumewahi kupata nusu saa ya utulivu kutoka kwake.

Saa moja na dakika tano matokeo yalitoka. Kanuni ilikuwa inasema mwili wake unahitaji kalori 1,680 akiwa amelala tu, bila kuinua hata kidole. Mashine ilisema 1,980. Tulikuwa tunampa 1,150.

“Inasemaje?” mke akauliza.

Nikasema, “Mwili wake unatumia zaidi ya tunachompa.”

“Kwa hiyo ana njaa.”

“Mama, tunachopima ni mahitaji ya mwili.”

“Baba, mimi sikusoma. Mtu mwili wake ukitaka chakula na hapewi, nyinyi mnaitaje?”

Nikamjibu, “Ndiyo, mama. Ana njaa.”

Hayo nilimwambia mimi, si mtu mwingine. Alimgeukia mumewe akamuuliza, “Una njaa?” Naye akajibu kama alivyojibu kila kitu. Mama akainama. Hakulia.

Asubuhi hiyohiyo niliandika mapendekezo apandishwe hadi kalori 2,200 kwa hatua, na chakula kisisimamishwe bila kurudishwa. Daktari bingwa alikuwa kwenye mkutano nje ya mji hadi Jumatatu. Daktari wa zamu, kijana mwenye bidii, alisoma akasema, “Mzee Mizani, wiki iliyopita tulimpandisha yule wa kitanda cha nne haraka, akatapika. Tumsubiri bosi Jumatatu.” Sikumlaumu, wala leo simlaumu. Nilichoweza kupandisha kwa sahihi yangu mwenyewe ni kalori mia mbili. Nikapandisha hizo.

Ijumaa tarehe 20 Winchi aliteremshwa kupigwa picha saa tatu asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu. Alirudi saa tisa alasiri, na kwa muda wote huo hakupata hata tone. Nilijumlisha chati yake jioni: kalori 900. Siku ambayo ilipaswa kuwa ya kwanza kupanda ikawa ya chini kuliko zote.

Jioni hiyo, saa kumi na moja hivi, alikuja mdogo wa mgonjwa, mwenye duka la vipuri vya magari, ambaye ndiye mlalamikaji katika shauri hili. Sikuwahi kumwona kabla. Alifunua shuka, akaona miguu ya kaka yake, akaanza kufoka. Mimi nilikuwa kitanda cha saba, hatua nne tu.

“Mnamuua kaka yangu kwa njaa!” Kisha akamgeukia mke. “Na wewe shemeji ni mke gani? Unakaa hapa unamtazama mumeo anakwisha, huna hata mikono ya kumpa tonge?”

Mke akasema, “Wamekataza, shemeji. Kile kibao pale.”

“Kibao kinakula? Ungekuwa mke kweli angekuwa ameshakula.”

Sista alimtoa nje. Nikiulizwa kama mlalamikaji alimwagiza amlishe, najibu kwamba nilichosikia ndicho hicho, sikuongeza wala kupunguza.

Nilitakiwa pale niende kwa mama yule nimweleze upya kwa nini mdomo ni hatari. Niliona amechoka, nikaona nimwache apumue. Nilisema moyoni nitamweleza Jumatatu nikiwa na sahihi ya daktari mkononi, nikiwa na kitu cha kumpa na si makatazo tu.

Jumamosi tarehe 21 haikuwa zamu yangu. Nilipita wodini saa kumi na dakika ishirini jioni kuangalia chati. Pazia la kitanda cha tisa lilikuwa limevutwa. Nilisikia sauti ya mke, ya chini, ikisema, “Kidogo tu. Taratibu. Hivyo hivyo.” Nilifungua pazia kiasi cha kiganja.

Alikuwa amemwegemeza kwa mito miwili. Kwenye bakuli la plastiki la kijani kulikuwa na mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Alikuwa anampa kwa ncha ya kijiko cha chai. Winchi alikuwa amefumba macho, anakula. Uso wake tangu alazwe nilikuwa nimeuona ukiogopa, ukicheka nusu, ukilia. Sikuwa nimeuona ukifurahi. Alikuwa anakula kama mtu aliyerudi nyumbani kutoka kazini.

Afande ameniuliza nilifanya nini. Nilisimama. Sijui ni sekunde tatu au kumi. Nilijua kila kitu nilichosomea kuhusu koo lile na mapafu yale, na nilisimama. Kijiko kimoja kilipita mbele yangu. Labda viwili. Ndipo nikasema, “Mama, hapana.”

Aligeuka. Hakushtuka kama mtu aliyefumaniwa. Alikuwa anatabasamu.

“Anakula, baba. Njoo uone, anakula.”

Winchi akakohoa. Mara ya kwanza kidogo, mara ya pili uso ukabadilika rangi. Nilipiga kelele kumwita sista. Alikuja na mashine ya kunyonya makohozi, tukamgeuza ubavu, ikatoka kwanza maziwa, kisha mkate. Baada ya dakika sita hivi alianza kuvuta hewa vizuri. Muda wote huo mke alikuwa amesimama ukutani, bakuli mkononi, anarudia neno moja, “Kidogo tu. Kidogo tu.” Hakuna aliyemgombeza. Sista alimnyang'anya bakuli taratibu akaliweka dirishani.

Jumapili asubuhi alikuwa na homa ya 39. Picha ya kifua ilionyesha kichomi pafu la kulia, chini. Alipewa dawa kali kwa mshipa na oksijeni. Jumatatu daktari bingwa alirudi, akasoma mapendekezo yangu ya chakula, akayatia sahihi. Yalikuwa hayana kazi tena, tumbo lilikuwa limeacha kupokea. Jumatano tarehe 25, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Winchi alifariki. Nilikuwa korido.

Mke wake alitoka nje ya pazia akaniona. Alisema, “Baba, nimemuua mume wangu kwa kijiko.”

Nilimshika bega tu, naye akaenda zake kukusanya nguo.

Jana, Alhamisi tarehe 26, saa nane mchana, nilifungua droo yangu ili nifunge faili la marehemu. Nikaikuta fomu ya kipimo. Nikaona 37.8.

Naomba nieleze hili polepole ili afande aandike bila kukosea. Mtu ambaye kiharusi kimemlegeza koo anaweza kuvuta mate yake mwenyewe kwenye mapafu akiwa amelala, bila kukohoa, bila mtu yeyote kumpa kitu. Kichomi kinaweza kuanza hivyo. Dalili ya mwanzo huwa ni homa ndogo. Na mwili wenye homa unachoma zaidi. Kwa hiyo zile kalori mia tatu zilizozidi siku ile, sehemu yake, pengine sehemu kubwa, ingeweza kuwa ni ugonjwa uliokwisha kuanza. Hiyo ni siku mbili kabla ya mkate na maziwa. Mashine ilikuwa inaniambia kitu kimoja, mimi nikasikia kingine, nikakipeleka kwa mke wake nilivyokisikia.

Nikiulizwa kama nasema mkate haukumdhuru, hapana, sisemi hivyo. Niliona kwa macho yangu ukitoka kwenye koo lake. Nikiulizwa kama alikuwa tayari anaumwa, nasema inawezekana sana. Nikiulizwa kipi kati ya hivyo kilimuua, sijui. Afande ameniuliza mara mbili kama aandike “sijui,” kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. Aandike hivyohivyo. Homa ile ingeonekana kwenye chati ya wodi, daktari wa zamu angeweza kuanza dawa Alhamisi badala ya Jumapili. Haikuonekana kwa sababu ilikuwa kwenye droo yangu. Kama hilo ni kosa la mtu, ni langu.

Jana jioni, saa kumi na mbili kasoro, nilikwenda nyumbani kwake nimweleze. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Jirani aliniambia amechukuliwa na polisi tangu saa saba, kwa malalamiko ya shemeji yake. Nikauliza kama aligoma au alijitetea. Jirani akasema, “Ajitetee nini? Aliwaambia ni kweli, akatangulia yeye kwenye gari.”

Leo nilipoingia hapa nilimwona amekaa kwenye benchi la ndani, nyuma ya kaunta. Aliniamkia kwanza, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nimeleta fomu yenyewe, si nakala. Ina sahihi yangu, tarehe na saa. Naiacha kituoni. Nataka isomwe kabla hajafikishwa mbele ya hakimu, kwa sababu yeye mwenyewe atakubali kila mtakachomwambia.

Sina lingine la kusema. Nimesomewa yote tangu mwanzo, yako kama nilivyoyatamka.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Saa saba na dakika ishirini mchana

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa lugha anayoielewa, naye amekubali kuwa ni sahihi. Nimepokea fomu moja ya kipimo ya tarehe 19 Machi na kuiweka kwenye jalada. Nitaomba daktari wa serikali aisome pamoja na faili la wodi. Hadi hapo mtuhumiwa anaendelea kushikiliwa.

Saa saba na dakika arobaini nilimpeleka mtuhumiwa kuonana na ndugu zake, akapita mlangoni alipokuwa amesimama shahidi. Nilikuwa nimeshamweleza mtuhumiwa kwa kifupi kuhusu homa. Hakuizungumzia. Alimuuliza shahidi swali moja: kama kweli siku ile mumewe alikuwa na njaa, au shahidi naye alidanganywa na mashine.

Shahidi alijibu, “Alikuwa nayo, mama.”

Mtuhumiwa alisema ahsante akaendelea kutembea.

Kwa kuwa yalisemwa mbele yangu, nilimuuliza shahidi kama jibu hilo linatokana na kipimo chake. Alisema hapana, njaa haina kipimo. Nilimuuliza kama niliongeze kwenye maelezo yake. Alifikiri, akasema niandike, nikaandika hapa.